Wikendi moja: Mji Mkongwe wa Unguja au Mombasa?

Mwanamsimu (mwanzisha mada)
Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumeamua kuisherehekea kwa wikendi moja ya mjini badala ya ufukweni. Tunachokitamani ni mji wenyewe: majumba ya zamani, chakula kizuri na usiku uliochangamka. Tumebakiwa na Mji Mkongwe wa Unguja na Mombasa, na Ijumaa hii nataka kulipia chumba. Ningependa kusikia kutoka kwa waliolala katika miji yote miwili, si waliopita tu.

Binti Shangani
Kaka, hongereni kwa miaka kumi. Swali ni zuri, lakini umetunyima mambo matatu ambayo bila hayo tutakuwa tunabahatisha. Mnatoka wapi? Mnasafiri mwezi gani? Na ukisema usiku uliochangamka, unakusudia dansi mpaka alfajiri, au kukaa mahali mkasikiliza udi na fidla halafu mkatembea vichochoroni kurudi chumbani? Hizo ni safari mbili tofauti.

Mwana wa Kibokoni
Mimi sitangoja majibu hayo, kwa kuwa kwa vyovyote nitawaelekeza Mombasa. Anzeni Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijakolea. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani walipoizingira kuanzia 1696 hadi 1698, waliokuwa ndani waliteketea kwa njaa na maradhi kwa karibu miaka mitatu. Msitoke kabla ya kuiona michoro ya meli waliyoichora Wareno ukutani. Mimi huwa nasimama hapo muda mrefu kuliko penginepo pote, kwa sababu mkono wa mtu unaonekana, pale alipokosea mlingoti akaurudia. Kutoka hapo mnaingia Mji wa Kale kwa miguu. Jioni nendeni Mama Ngina, kando ya bahari, mkale mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu, huku meli za mizigo zikipita mbele yenu kuelekea Kilindini. Wanaotaka dansi, Nyali na Mtwapa zipo.

Fidla na Kanuni
Ndugu yangu wa Kibokoni, ngome hiyo naiheshimu, lakini mwenye mada ametaja usiku, na usiku wa Unguja una taarabu yenye makao yake. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na chuo cha muziki cha DCMA kinafundisha vijana udi, kanuni na fidla tangu 2002. Mgeni anaweza kuuliza siku ya mazoezi, akaenda, akaketi pembeni, akasikia wimbo ukikatishwa na kuanzwa upya mpaka ukae sawa. Kwangu mimi saa moja ya mazoezi kama hayo inapita usiku mzima wa muziki wa spika.

Mwana wa Kibokoni
Taarabu si mali ya Unguja peke yake. Mombasa ndiko walikokaa na kuimba Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na mashairi ya Muyaka bin Haji yalisikika katika mji huu kabla Siti binti Saad, mwimbaji wenu wa taarabu, hajazaliwa.

Fidla na Kanuni
Hayo sikuyakanusha. Nasema juu ya mgeni mwenye siku mbili. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016, na taarabu ya Mombasa leo iko zaidi harusini, ambako asiyealikwa hafiki. Ndugu yetu hana harusi ya kwenda.

Abiria wa Kusi
Naomba nieleze yaliyonipata Unguja, si kwa kuuponda mji, bali ili mwenzetu ajue la kuuliza kabla ya kulipa. Mwaka juzi nilimpeleka mama yangu, ambaye tangu ujana wake anapenda taarabu, na nyumba moja ya wageni ilikuwa imetangaza chakula cha usiku juu ya paa pamoja na taarabu ya moja kwa moja. Nililipa nusu mapema. Tulipanda ngazi nne za mbao zenye mwinamo mkali, mama akipumzika kila ngazi, kwa sababu magoti yake si mazuri. Tulipofika juu tulikuta meza sita, spika mbili na simu iliyounganishwa kwa waya. Udi ulikuwepo kweli, umetundikwa ukutani, lakini haukuwa na hata uzi mmoja. Nilipouliza wapigaji wako wapi, nikaambiwa wanakuja baada ya kula. Tukala samaki aliyekwisha kupoa na wali uliokauka pembeni, tukangoja mpaka saa nne na nusu, na hakuna aliyekuja. Ankara ikaletwa kwa dola ilhali tangazo lilikuwa kwa shilingi, na kiwango cha kubadilishia walikipanga wao wenyewe. Mama hakulalamika. Alishika nguzo ya paa akatazama taa za bandarini, akasema basi tushuke taratibu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu kulikuwa na kikundi halisi kikifanya mazoezi mwendo wa dakika kumi kutoka pale, na sikujua. Kwa hiyo, ndugu, ukiona neno taarabu katika tangazo la chakula, uliza jina la kikundi na saa ya kuanza, na wasipokupa vyote viwili usilipe.

Binti Shangani
Pole sana, na umpe pole mama. Nyumba za namna hiyo zinatuharibia. Kwa chakula mimi simpeleki mgeni juu ya paa usiku wa kwanza. Nampeleka mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, anachagua kwa macho yaliyomo ndani ya sufuria. Forodhani, kwenye soko la chakula la usiku, nampeleka usiku wa pili, na namwonya mapema kwamba bakuli la urojo na glasi ya juisi ya miwa vinatosha, na kwamba samaki na pweza wa mishikaki aulize bei kabla hajaonyesha kwa kidole.

Mwana wa Kibokoni
Urojo mnaousifu hata Mombasa unapatikana.

Binti Shangani
Unapatikana, kaka, lakini ule wenu ni mzito kama mchuzi. Wa kwetu ni mwepesi, una ukali wa embe, na bajia huwekwa mwisho ili zisilegee. Tuliache hili, kwa sababu mwenye mada bado hajatujibu maswali matatu.

Mwanamsimu
Niwieni radhi, nilikuwa kazini. Tunatoka Nairobi. Tutaondoka Ijumaa alasiri na lazima Jumatatu asubuhi niwe ofisini. Kuhusu usiku, mke wangu anapenda muziki wa kupigwa mbele yake, nami napenda kucheza kidogo, hivyo tungeomba vyote viwili. Tarehe tuliyoipanga inaangukia wikendi ya pili ya Ramadhani. Sisi hatufungi, ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja.

Fidla na Kanuni
Ndugu yangu, hilo ndilo lilipaswa kutangulia mengine yote. Yale niliyoyaeleza ya taarabu yafute. Ramadhani ikiingia vikundi hunyamaza, na kumbi za dansi za Unguja hufungwa.

Binti Shangani
Naongezea ili usije ukadhani nakuzuia. Mchana wa Ramadhani kwetu watu hawali hadharani, na kumewahi kutokea watu kukamatwa kwa kula mchana. Mgeni hupata chakula ndani ya hoteli yake, lakini ile migahawa ya mtaani, ambayo ndiyo roho ya mji wetu, mingi hufungwa mpaka jua lizame. Makumbusho mtaweza kutembelea. Nendeni kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mkatazame zile sanamu za watu wenye minyororo shingoni waliosimama ndani ya shimo. Jumba la Beit-el-Ajaib, lililojengwa 1883, msilihesabu katika mipango yenu, kwa kuwa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Baada ya magharibi, hata hivyo, mtauona mji ambao mgeni wa Julai haujui: tende na uji, mihogo ya nazi, kaimati, sambusa, watu wakirudi kutoka swala ya tarawehe kwa makundi, Forodhani ikijaa mpaka usiku mkubwa. Ni usiku uliochangamka, ila hauna dansi. Mkiweza kusogeza tarehe, njooni wakati wa vunja jungu, zile sherehe za kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, au sikukuu ya Idd, ambayo kwetu husherehekewa siku nne.

Mwana wa Kibokoni
Basi kwa tarehe hiyo Mombasa inafaa zaidi. Mji wa Kale nao hutulia mchana, lakini sehemu nyingine za mji huendelea na shughuli zake, na anayetaka kucheza Nyali au Mtwapa atapata. Futari mtaipata pia. Isitoshe, treni ya alasiri kutoka Nairobi huwafikisha usiku huohuo, ila kumbukeni kwamba Miritini, kilipo kituo cha treni, si mjini, hivyo ongezeni muda wa kuingia kisiwani. Unguja inawataka mpande ndege, mbebe pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mwana wa Amu
Kwa nini hakuna aliyeitaja Lamu? Mji wetu uko katika urithi wa dunia tangu 2001, mwaka mmoja tu baada ya Mji Mkongwe.

Abiria wa Kusi
Lamu naipenda kwa dhati, lakini mwenzetu anataka kucheza, na ana usiku mbili tu. Hapo kwa haki hatumsaidii.

Mwanamsimu
Nimemsomea mke wangu majibu yote. Nilidhani atachagua Mombasa mara moja, lakini ameshikwa na habari ya futari na tarawehe, na anasema kucheza tutacheza hata nyumbani. Mimi bado nautaka muziki wa kupigwa. Nimemwandikia mwenye chumba cha Unguja kuuliza kama tarehe inaweza kurudishwa nyuma hadi wikendi ya vunja jungu, na hajajibu. Binti Shangani, wikendi hiyo vikundi hupiga usiku gani, Ijumaa au Jumamosi?

Binti Shangani
Hutegemea kikundi na mwandamo wa mwezi. Kesho nitapita mtaa wa Malindi hapa Unguja niwaulize wenyewe, kisha nitakuandikia hapahapa. Usilipe kabla ya hapo.