Meli zipimwe maji ya farumi Lamu, au ni visingizio vya kuzuia kazi?

Mleta hoja: Meli inayokuja kupakia hapa haiji tupu. Imejaza maji ya farumi matangini isiyumbe njiani, na ikishapata shehena inayamwaga, pale pale bandarini Kililana. Ndani yake mna vijimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vya bandari ilikotoka. Vingine hujifunga kama mbegu, vikalala topeni miaka na miaka, vikaamka maji yakivipendeza. Naona zipimwe hapa hapa, majibu yabandikwe hadharani. Mnasemaje?

Baharia mstaafu: Umechelewa, ndugu yangu. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa 2004, ukaanza kutumika Septemba 2017, na Kenya imo. Meli kubwa zina mitambo ya kuchuja na kuua viumbe. Kwa wale wa mikromita 50 (sehemu 50 za elfu za milimita) kwenda juu, walio hai wasifike 10 katika mita moja ya ujazo. Halafu meli inayoshusha mzigo haimwagi kitu, inavuta maji yetu iende nayo. Mbona hilo hamlilii?

Mvuvi wa Matondoni: Shekhe, karatasi tumeziona nyingi. Mkataba huo huo unamruhusu afisa kuchota maji tangini, haumlazimishi. Akionyeshwa cheti na daftari, akanywa chai ya nahodha, kwisha. Mtambo ukifa katikati ya bahari nani atasema?

Muuza kamba: Mie siko upande wenu. Januari na Februari 2002 samaki walikufa kwa wingi huko Kiunga, kaskazini mwa Lamu, na lawama ikawekwa kwa vijimea. Gati la kwanza Lamu limefunguliwa Mei 2021. Meli ipi ilivileta? Kaskazi ikivuma mikondo miwili hukutana huko juu, maji ya chini yenye rutuba yakapanda. Vya kwetu vyatosha kuua. Mkianza kutangaza sumu, wa kwanza kukosa wateja ni mimi, siyo bandari.

Mleta hoja: Dada, umenisaidia bila kutaka. 2018 Mahakama Kuu Malindi iliamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Madhara yale yalionekana: bahari imechimbwa, njia za kuvulia zimezibwa. Kesho kijimea kigeni kikiingia kwenye mikoko, wakili wa bandari atasimama aseme neno lako hilo hilo, kwamba kilikuwapo tangu zamani. Tutamjibu nini, ikiwa hakuna aliyeandika leo kuna nini majini?

Baharia mstaafu: Andikeni, sikatai. Ila kupima kila meli ni gharama, na wenye meli watazipeleka Mombasa. Tena viumbe hugandama hata chini ya chombo. Majahazi yetu yatokayo Mombasa mtayapima?

Mvuvi wa Matondoni: Jahazi twalipandisha mchangani, twalikwangua, twalipaka shahamu na chokaa. Meli hiyo ya mita 200 utaipandisha wapi, ufukweni Shela?