Kikundi cha Ukoo: Tumbo la Salimu

*Jumanne usiku*

Salimu: Da Rehema upo?

Da Rehema: Niko zamu ya usiku. Sema mdogo wangu.

Salimu: Tumbo tena. Linawaka chini ya chembe ya moyo, nikila kidogo nimejaa, gesi mpaka mgongoni. Na leo nimegusa pale mbavu zinapokutana, kuna kitu kigumu. Hakisogei. Nadhani ndiyo yenyewe.

Da Rehema: Yenyewe ipi?

Salimu: Iliyomchukua Baba.

Shangazi Mwajuma: Ya Rabi! Usitamke mwanangu. Kaka yangu ilimshika kooni, si tumboni.

Da Rehema: Hicho kitu kiko katikati kabisa, kidogo hivi, kimeelekea ndani?

Salimu: Ndiyo!!

Da Rehema: Ni mfupa. Ncha ya mfupa wa kidari, kila mtu anayo. Ukikonda kidogo unaihisi zaidi.

Mjomba Hamisi: Kweli, hata mimi ninayo.

Shangazi Mwajuma: Na mimi! Umri wote huu sikujua.

Mudi: Ukoo mzima saa hizi unajipapasa 😂

Salimu: Chekeni tu. Na uzito je? Mwezi uliopita kilo 74, leo 71.

Da Rehema: Mzani uleule?

Salimu: Ule wa kwanza wa duka la dawa. Leo yule kijana wa mzani pale stendi.

Da Rehema: Ukiwa na viatu?

Salimu: Sikumbuki.

Mama Nasra: Wifi, muulize anakula nini. Wiki nzima uji. Wali anausukuma, anasema utaamsha ugonjwa.

Shangazi Mwajuma: ↪️ *Imesambazwa mara nyingi: SAUTI – DALILI 12 ZA SARATANI YA TUMBO USIZOZIJUA*

Da Rehema: Shangazi, shikamoo, na kwa heshima zote, naomba uifute.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Nataka kumsaidia. Nimeitoa kwa kina mama wa kikoba.

Salimu: Nilishaisikiliza. Ninazo tisa.

Da Rehema: Subiri mpaka asubuhi, utaamka nazo kumi. Haya, nijibu bila kuruka. Unatapika damu? Chakula kinakwama ukimeza? Choo kina rangi gani?

Salimu: Kutapika hapana, kukwama hapana. Choo cheusi tangu juzi. Nilikuwa naogopa kusema.

Da Rehema: Kuna vidonge vya kuongeza damu unameza?

Salimu: Nilijinunulia. Nilisoma kuwa saratani inamaliza damu.

Da Rehema: Madini ya chuma yanafanya choo kiwe cheusi. Choo chenye damu ya tumboni kinakuwa cheusi cha lami, kinanata, harufu yake kali mno. Lakini mimi sioni tumbo lako kwenye simu, kwa hiyo sitakwambia "si saratani". Nikikwambia utapoa mpaka alfajiri, kisha utauliza tena. Kesho asubuhi nenda hospitali, wapime wingi wa damu, umweleze daktari habari za Baba. Ikitokea damu, au kizunguzungu cha kukuangusha, usingoje asubuhi.

*Alhamisi*

Salimu: Damu 13.8. Daktari kasema haina shida. Choo kimerudi kawaida baada ya kuacha vile vidonge. Amesema kwa kuwa Baba alikuwa na ya koo, tuangalie kwa kamera, roho itulie. Ila niache omeprazole, vile vidonge vya kupunguza asidi, wiki 2 kwanza, la sivyo yule mdudu wa vidonda vya tumbo, bakteria H. pylori, anajificha kwenye kipimo.

Mjomba Hamisi: Mpwa, mimi nilimeza huo mpira wenye kamera. Usiku huli kitu. Wanakupulizia ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kile cha plastiki. Kichefuchefu kipo, sikudanganyi. Dakika chache wamemaliza.

Salimu: Wiki 2 nitazimalizaje?

Mama Nasra: Saa nane usiku yuko na simu usoni, anasoma habari za wagonjwa wa Marekani.

Da Rehema: Wifi, saa nne usiku simu unaichukua wewe. Na wewe Salimu, huachi kuogopa kwa kuambiwa uache. Saa kumi na mbili jioni, robo saa, keti uogope vizuri, uandike kila kinachokusumbua kwenye daftari la kumpelekea daktari. Hofu ikija saa nyingine iambie isubiri jioni. Na uache kujibonyeza, ukibonyeza mahali pamoja kutwa lazima pataume.

Mudi: Mimi kabla ya mtihani wa fomu foo niliharisha asubuhi nzima. Hakuna nilichokula.

Da Rehema: Ndiyo hivyo. Tumbo linauma kweli, Salimu hasingizii. Hofu inaliongezea tu.

Salimu: Huyo mdudu nimesoma, tangu 1994 amewekwa kwenye visababishi vya saratani.

Da Rehema: Kweli, ndiyo maana akionekana anatibiwa. Karibu nusu ya watu duniani wanaye, na walio wengi hawapati saratani maishani.

Mudi: Kuna daktari wa Australia, Barry Marshall, 1984 alikunywa wadudu hao makusudi, tumbo likamuwaka kwelikweli. 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel.

Shangazi Mwajuma: Alikunywa?? Mama yake alikuwa wapi?

Shangazi Mwajuma: Salimu, nikuletee maji ya mwarobaini?

Da Rehema: Shangazi, mletee wali na samaki. Mwarobaini mpaka kipimo kipite.

*Wiki mbili na siku kadhaa baadaye*

Salimu: Nimetoka sasa hivi. Koo bado zito. Ukuta wa tumbo umevimba, mwekundu, ila hakuna kidonda wala donge. Mdudu yupo. Nimepewa dawa aina tatu, siku 14. Wamekata na vinyama vidogo kupeleka maabara.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah! 🤲

Mama Nasra: Ameniomba chapati njiani.

Mjomba Hamisi: Dawa zote umalize, hata ukijisikia mzima siku ya tano.

Da Rehema: Na ukimaliza, baada ya mwezi urudie kipimo cha choo tujue kama ameondoka. Usipime cha damu, hicho husoma "yupo" hata mdudu akishakufa.

Salimu: Sawa Da. Hivi, vile vinyama, kwa nini wakate kama walishaona hakuna kitu? Isije ikawa

Da Rehema: Sasa ni saa ngapi?

Salimu: Saa tano asubuhi.

Da Rehema: Andika kwenye daftari.

Mjomba Hamisi: Kuna wawili hawajatoa mchango wa harusi ya Zuhura, nawajua.

Salimu: Natuma leo jioni. Saa kumi na mbili na robo, nikishamaliza kuogopa.