Video ya mbegu inayoota: mwanga unachezacheza, naombeni ushauri

Mwl_Baiolojia:
Wakuu, habari zenu. Wanafunzi wangu waliweka mbegu ya haragwe na pamba iliyoloweshwa kwenye chupa ya kioo, wakategesha simu dirishani ipige picha moja kila dakika 10. Baada ya siku 5 tulikuwa na picha 720. Kwa picha 24 kila sekunde tukapata video ya sekunde 30. Lakini mwanga unachezacheza, usiku ni giza tupu, na siku ya tatu kuna mtu aliigusa simu, basi mmea unaonekana umeruka. Kinachoniuma zaidi, mzizi ulichomoza usiku, hatukuuona. Na nikiwauliza wamejifunza nini, wananijibu tu "umekua". Tunataka kurudia, tuanzie wapi?

FundiPicha:
Mwalimu, hameni dirishani. Jua linabadilika, na simu nayo inajipangia mwangaza upya kila picha. Bonyeza na ushikilie skrini pale penye mbegu mpaka fokasi na mwangaza vijifunge. Tumieni taa moja isiyozimwa, ikae juu. Ikikaa ubavuni shina litaipindia. Simu iwe kwenye chaja na hali ya ndegeni. Miguu ya stendi ibandikeni mezani kwa tepu.

Mwl_Baiolojia:
Asante sana mkuu. Ila taa ikiwaka usiku kucha, si tutakuwa tumeharibu jaribio?

MamaKemia:
Umeuliza la maana. Haragwe halihitaji mwanga ili liote, lakini mche uliokulia gizani hurefuka ukawa mwembamba na wa manjano. Kwa hiyo taa ni sehemu ya masharti ya jaribio, waandike kwenye daftari kwamba iliwaka saa 24.

Hilo la "umekua" ndilo la kushughulikia hasa. Weka rula ndani ya picha, igusane na chupa. Kabla ya kuwaonyesha video, kila mmoja achore anachotarajia: kitangulie mzizi au shina? Kisha isimamisheni kila baada ya picha 144, ambazo ni siku moja, wapime mzizi na kuchora grafu. Sisi siku ya tatu tuliilaza chupa ubavu. Kwenye video ncha ya mzizi ikaanza kujikunja taratibu mpaka ikaelekea chini tena. Darasa zima lilinyamaza, halafu maswali yakamiminika.

Kijana_Maabara:
Naongezea, muda kati ya picha ufuate kasi ya jambo lenyewe. Punje ya pamanganeti (kemikali ya zambarau) ikienea kwenye maji, sekunde 2 zinatosha. Fuwele za kopa salfeti (chumvi ya bluu ya maabara) huchukua siku kadhaa, hapo hata dakika 15 ni sawa. Molekuli kamera haizioni, finyangeni kwa plastisini na kuzisogeza kidogokidogo kwa mkono, picha 12 kwa sekunde.

Mwl_Baiolojia:
Mbarikiwe. Jioni hii tumelowesha mbegu za chupa mbili, na rula ipo ndani ya picha. Ya pili tutailaza mzizi ukishatoka. Michoro yao ya kutabiri nimeifungia kabatini, na wengi wamechora shina likitangulia.