Iringa mjini: nimpeleke mama kula wapi?

Mtoto wa Mwalimu

Habari za kazi wakuu. Mwezi wa saba nampeleka mama yangu Iringa. Alifundisha sekondari huko miaka ya themanini, tukahamia Dar nikiwa bado mdogo, na tangu hapo hajakanyaga tena. Tutafikia Gangilonga kwa binamu yetu, ila binamu anashinda kazini na sitaki tumbebeshe mzigo wa kutupikia.

Naomba kuelekezwa sehemu za kula. Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, kwa hiyo ngazi nyingi hapana. Ana presha, chumvi anakula kidogo sana. Kitimoto hali, na panapochomwa hakai. Muziki wa spika kubwa humfanya aombe kuondoka kabla chakula hakijafika. Mambo ya vitambaa mezani hayamhusu. Anachokisema kila siku ni ugali wa kule na majani ya maboga, na kwamba Dar tunakula tu ili tushibe.

Mimi niliwahi kupita Iringa kikazi, nikala hoteli moja wali uliopashwa moto na kipande cha kuku kimekauka kama gome. Sitaki mama yamkute hayo baada ya kusubiri miaka yote hii. Tungependa pia kufika makumbusho ya Kalenga na Isimila. Nasubiri maneno ya mtu anayekaa pale.

Dereva Masafa

Mkuu, mimi sikai Iringa ila napita kila wiki. Ushauri wangu ni wa njiani. Mkifika Ruaha Mbuyuni msishindilie matumbo. Pale joto ni kali, na mkimaliza tu mnaanza kupanda mlima Kitonga, kona juu ya kona. Mzee aliyeshiba atateseka. Kuleni kidogo, maji na ndizi vinatosha, mkifika juu Ilula hewa imeshabadilika na hamu ya kula inakuja yenyewe. Mjini mtafutie mama ulanzi, pombe ya mianzi, atakumbuka ujana wake.

Mama wa Kitanzini

Kamwene, mwanangu. Nifikishie shikamoo yangu kwa mwalimu kabla ya yote. Nimezaliwa Kitanzini na bado nipo hapa. Nauza vitenge karibu na soko kuu, kwa hiyo mchana wangu wote nakula mjini. Nitakwambia ninavyokula mimi, halafu utapima.

Iringa inakula kwa saa. Chakula chetu kizuri ni cha asubuhi na cha mchana. Usiku watu wako majumbani. Tuko juu huku, zaidi ya mita 1,500, na mwezi wa saba jua likizama kila mtu anakimbilia jiko lake. Ukimtoa mama saa mbili usiku umtafutie mboga za majani utazunguka mji mzima na kuishia kwenye chips na mishkaki. Chips zenyewe ni tamu, maana viazi ni vya ukanda huu na havijalala gunia wiki nzima kama vya kwenu, ila sicho alichokifuata. Usiku mle kwa binamu, kitu chepesi. Pesa yako na nguvu za mama ziweke mchana.

Asubuhi mpeleke supu. Wauza supu wazuri wanafungua mapema, na ikifika saa nne sufuria limebaki mifupa. Mwambie ale ya mbuzi, na aombe mchuzi kutoka juu kabla hawajaongeza chumvi, wengi watakuelewa. Chapati ya moto, ndimu, basi. Ukikuta mahali supu inauzwa mpaka jioni, ujue inaongezwa maji.

Sasa mchana, na hapa naomba unisikilize. Ugali anaousema mama haupo kwenye hoteli za ghorofa. Upo kwa mama lishe, kuzunguka soko na mitaa ya karibu. Na mwezi wa saba umechagua vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu mahindi ndiyo yametoka kuvunwa na maharage mapya yapo. Dona ya mahindi ya mwaka huu ina harufu yake, ukifunua tu hotpoti unaisikia. Miezi ya mwanzo wa mwaka unakuta watu wanasaga mahindi yaliyokaa ghalani, ladha si hiyo.

Namna ya kumjua mama lishe wa kweli: tazama majani ya maboga. Anayejua anakaa chini kabisa asubuhi, anavua nyuzi kwenye kila kikonyo, moja moja, mpaka jani linabaki laini. Anayapika na nyanya, halafu anatia karanga alizotwanga mwenyewe na kuuacha moto mdogo, akikoroga taratibu mpaka mafuta ya karanga yanapanda juu. Asiyejua anakatakata na nyuzi zake, unatafuna mpaka taya zinauma. Ukipita saa nne asubuhi utawaona wote wakiwa kazini na utachagua kwa macho yako. Na ukipita saa hiyo una faida nyingine: mwambie, "Mama yangu ana presha, naomba ututolee bakuli letu kabla hujatia chumvi." Ukija saa saba chumvi imeshaingia na hakuna wa kuitoa. Maharage vivyo hivyo.

Kaeni mezani saa sita na nusu. Baada ya hapo wanakuja watu wa ofisini, wanafunzi wa vyuo na vijana wa bajaji, mabenchi yanajaa, na saa nane mboga nzuri zimekwisha. Benchi halina egemeo, kwa magoti na mgongo wa mama ombeni kiti cha plastiki, wanacho. Sahani ni elfu mbili mpaka tatu, samaki au nyama vinaongeza. Kama kuna perege wa Mtera siku hiyo, mchukulie. Samaki hao wanatoka bwawani, barabara ya Dodoma, na wa asubuhi unamjua kwa jicho lake.

Kuku wa kienyeji ni habari ya kuagiza. Yule kuku anatembea milima, nyama yake inataka moto wa muda mrefu. Anayekwambia dakika kumi na tano yuko tayari anakuletea wa kisasa, na nadhani ndiye uliyekutana naye safari ile. Kubaliana na mama lishe leo, ulipe cha kuanzia, mle kesho.

Miyomboni Asilia

Mama kamaliza. Niongeze kwa upande wa anayekwepa nguruwe: kaeni Miyomboni na mitaa ya jirani, wapishi wengi ni Waislamu. Ijumaa baada ya swala kuna pilau ya maana, na hakuna muziki. Sambusa na chai ya viungo zipo mgahawa wa Hasty Tasty Too, Barabara ya Uhuru, wasafiri wa kwenda Hifadhi ya Ruaha wamekuwa wakinunua vya njiani pale miaka na miaka. Mkimaliza, pitieni lilipo Jamatkhana, jengo la ibada la Waismailia, lenye mnara wa saa, mama lazima ataukumbuka ule mnara.

Mwanachuo Mkwawa

Mimi ningempeleka mgahawa unaoitwa Mama Iringa, upande wa Don Bosco. Chakula cha Kiitaliano, ua wake umetulia, hakuna kelele. Tulienda kwenye mahafali ya rafiki yangu, mama yake akapenda sana. Siyo lazima kila siku iwe ugali.

Mama wa Kitanzini

Mwanachuo, sikatai, pametulia kweli. Na Waitaliano Iringa si wageni, mapadre wa Konsolata wako huku tangu 1919. Siku ya mwisho mkitaka kukaa kwa starehe mwende. Ila mama aliyeishi miaka thelathini na zaidi akitamani majani ya maboga, usianze naye kwa tambi.

Mahali ninapotaka sana mwalimu afike ni Neema Crafts. Ni kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza 2003 na vijana viziwi watatu wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona, wanatengeneza shanga, na mgahawa wake unahudumiwa na viziwi. Hupazi sauti kuagiza: unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unajifunza ishara mbili tatu. Kahawa ni ya Tanzania, keki wanaoka wenyewe. Usiende ukitegemea ugali, nenda saa kumi alasiri mama akiwa amepumzika. Nina jirani yangu ambaye binti yake ni kiziwi. Kabla ya pale, ndugu walikuwa wanamficha chumbani wageni wakija. Mwalimu akae kiti hicho aone yule anayemletea chai anavyotembea kifua mbele, na aandike mwenyewe oda yake kwa mwandiko wa ubaoni. Waelezeni kuhusu magoti mkifika, watawakalisha panapofaa. Jumapili msiitegemee, pangeni siku nyingine.

Kuhusu ulanzi, ndugu yangu Dereva, umekosea msimu. Ulanzi unagemwa mvua zikinyesha, machipukizi ya mianzi yakiwa machanga. Wakati huo mtu anakata ncha asubuhi na jioni, na ule wa siku hiyo, mtogwa, ni mtamu na hata mzee anaweza kuonja. Ukikaa unakuwa mkangafu, na huo unaangusha watu. Mwezi wa saba mianzi imekauka. Akikuuzia mtu ulanzi Julai, mwulize ameutoa wapi. Uyoga wa porini ni hivyo hivyo, huo ni wa masika.

Mtoto wa Mwalimu

Mama, ahsante sana. Nimemsomea mama yote, nilipofika kwenye kuvua nyuzi za majani alicheka na kusema, "Huyo ni mwenyeji." Anakurudishia salamu, kamwene sana.

Maswali mawili. Tutafika Jumamosi jioni, sasa Jumapili itakuwaje? Na siku ya Kalenga na Isimila, tunakula wapi huko?

Mama wa Kitanzini

Marahaba, na ameniondolea uchovu wa siku.

Jumapili asubuhi mabanda mengi ya sokoni yanachelewa kwa sababu ya ibada, na wengine hawafungui kabisa. Siku hiyo laleni, mnywe chai kwa binamu, halafu mchana mtafute wali. Mchele wetu unatoka Pawaga na Idodi, huko chini kwenye joto. Uulize kwa jina, asikupe wa dukani. Wali, maharage, njegere za Kilolo, na parachichi unakata mezani. Hiyo ni sahani ambayo hata mwenye presha anakula, mradi chumvi iwe kidogo.

Jumatatu fanyeni ya mjini: Boma, jengo la Wajerumani la 1900, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ni mwendo mfupi mpaka sokoni, hamhitaji gari. Yeye akiangalia picha za zamani, wewe chomoka saa nne ukaongee na mama lishe habari ya chumvi na kuku wa kesho yake.

Kalenga ni kama kilomita 15, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Nendeni asubuhi, mwone fuvu la Chifu Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, na saa sita mko mjini mezani. Msile huko, mtakosa chakula cha mchana cha sokoni kwa ajili ya soda na biskuti.

Isimila ni upande mwingine kabisa, kilomita kama 20 barabara ya Mbeya, na hakuna cha kula cha kutegemea. Bebeni. Nguzo za mchanga ziko bondeni, kuna kushuka na kupanda, na jua la mchana linapiga hata kama asubuhi ilikuwa baridi. Mama abaki juu kwenye jengo la makumbusho, zana za mawe anaziona hapo hapo bila kushuka. Wewe shuka upige picha, umletee. Viazi vya kuchemsha na mayai, chai kwenye chupa, mnakula kivulini kabla ya kurudi. Na asiache sweta.

Dereva Masafa

Nimekubali kuhusu ulanzi, mama. Mkuu, wakati wa kurudi mnunue nyanya Ilula na vitunguu Ruaha Mbuyuni, bei ya pale na ya Dar ni mbingu na ardhi.

Mama wa Kitanzini

Nyanya achukue ambazo hazijaiva vizuri, zitaiva njiani. Na kama mama atataka njegere za kwenda nazo, nunueni siku ya kuondoka asubuhi, zikiwa na maganda yake, mzitie kwenye kikapu cha nyasi za milulu. Kwenye mfuko wa nailoni zikishuka Kitonga zitaanza kutoa jasho, na mkifika Morogoro zimeshachacha. Vikapu viko hapo hapo sokoni, waulizeni wafumaji wenyewe. Mkikosa, njooni kwenye vitenge vyangu, nitawapeleka kwa anayefuma vizuri.