Naomba ushauri: nipimeje mafanikio ya walinda amani katika nchi changa?

Habari zenu ndugu wanachama. Naandaa mada ya kulinganisha vikosi vya Umoja wa Mataifa katika nchi zilizojitawala karibuni, nimekwama kwenye kipimo.

Makedonia ndiyo mfano ulionyooka. Desemba 1992, kwa azimio namba 795, Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi kabla risasi haijalia. Askari wapatao 1,000 wakakaa kwenye mipaka ya Albania na Serbia. Kikaondoka mwaka 1999 baada ya China kupiga kura ya turufu, na 2001 mapigano ya ndani yakazuka. Sudan Kusini ni kinyume: azimio namba 1996 la Julai 2011 liliruhusu askari hadi 7,000, lakini mkazo ulikuwa kuisaidia serikali kujenga dola. Desemba 2013 serikali hiyohiyo ikapasuka, ndipo kiwango kikapandishwa hadi 12,500, moto umeshawaka.

Nimejaribu kuhesabu vifo na wakimbizi. Haisaidii, maana vita ambayo haikutokea haina takwimu. Idadi ya askari nayo inapotosha: Makedonia hatari ya mwanzo ilitazamwa mpakani, Sudan Kusini ilikuwa ndani ya jeshi lenyewe.

Je, mapigano ya 2001 niyahesabu dhidi ya kikosi kilichokwisha kuondoka? Na Timor ya Mashariki, ambako walinda amani waliondoka 2005 na mwaka uliofuata kufukuzwa kwa askari karibu 600 kukazua ghasia, niiweke kundi lipi?