Naomba ushauri: michezo ya watoto 40 bila kifaa chochote

Assalaam alaykum ndugu zangu, habari za jioni. Niko Ujiji, Kigoma. Jumamosi tunawapeleka watoto wa madrasa kwenye makumbusho ya Livingstone, hapahapa Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871. Wako 40, wa miaka 6 hadi 13. Wakishatembezwa tutakaa kivulini mpaka alasiri, na hatuna mpira, kamba wala hela ya kununua.

"Nyama nyama nyama" naujua. Naita nyama ya mbuzi, wanaruka na kuitikia. Nikiita nyama ya kiti, anayeruka anatoka. Shida ni hapo kwenye kutoka. Wadogo ndio hutangulia, halafu wanakaa pembeni wamenuna saa nzima. Inaniuma sana, maana wengine hiyo ndiyo safari yao ya kwanza. Kombolela naiogopa, mtoto akijificha mbali nitampata wapi? Vitendawili wakubwa wanavimaliza wenyewe.

Natafuta mchezo usiomtoa mtu, ambao wa miaka 6 atacheza na wa 13. Mliozoea makundi makubwa, mnawaweka duara moja au mnawagawa? Tafadhali nielezeni na sheria zake.