Eti "Mbeya si karibu tu, panda basi"! Hawa watu wa ndege wametuonaje?

Wakuu, nimetoka uwanjani Dar sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jamaa siwataji, mnawajua.

Ndege ya asubuhi ya Mbeya. Saa tatu tukaambiwa ukungu Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya. Sawa, ukungu wa Songwe tunaujua, hakuna anayetaka rubani atue kwa kubahatisha. Saa sita, ukungu. Saa nane mama mdogo ananipigia kutoka Songwe, jua linachoma mpaka mbuzi wamekimbilia kivulini, huku bado ukungu! Jioni: safari imefutwa.

Nikamuuliza dada wa kaunta tunafanyaje. Hakuinua hata macho kwenye simu yake: "Kaka, Mbeya si karibu tu, panda basi."

KARIBU! Kilomita 830!

Nimelipa hela ya ndege nikae angani saa moja na nusu, nawahi kikao cha mahari ya mdogo wangu kesho asubuhi. Basi ni masaa 12 mpaka 14, hapo barabara imekubali. Hifadhi ya Mikumi peke yake kilomita 50, na spidi mwisho 50 kwa ajili ya wanyama, yaani saa nzima ambayo ndege ingekuwa inakaribia kushuka. Mlima Kitonga unapanda nyuma ya lori la Tunduma unahesabu nati za tairi. Iringa, Mafinga, Makambako, ukishuka Uyole miguu haiingii kwenye viatu. Halafu mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi anakwambia KARIBU. Na macho hakuinua!

Mwana wa Rungwe: Pole mkuu. Ila ungepanda basi la usiku stendi ya Mbezi ungekuwa umeshaachana nao.

Nshomile Original: 830 ndiyo unalilia? Sisi wa Bukoba tunakula zaidi ya 1,300 na hatujawahi kufungua uzi.

Kibopa Mstaafu: Kapanda ndege mara moja jukwaa zima tujue 😂

Mleta mada: Nshomile, wewe nani kakwambia Bukoba ni karibu? Mimi nimeambiwa! Usoni! Tena hakuniangalia!

Fundi Saa: Treni ya Tazara ipo mkuu.

Mama Pacha: Tazara atafika mdogo wake ana wajukuu.

Korosho Ghafi: Nyie mna barabara. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata njia pale Somanga, Kusini tukawa kisiwa. Hakuna aliyetuonea huruma humu.

Kibopa Mstaafu: Tusubiri SGR, treni ya umeme, ifike kila mahali. Dodoma tangu 2024 unaenda kikaoni na kurudi siku hiyohiyo.

Korosho Ghafi: Kusini hatujaona hata reli ya kuchora.

Mama Pacha: Mleta mada, mahari ng'ombe wangapi?

Mleta mada: Rudini kwenye mada jamani. KARIBU!! Nimeomba hela yangu, naambiwa nitume barua pepe.

Mwana wa Rungwe: Kwetu mahari bila ng'ombe wazee hawakai.

Nshomile Original: Kwetu lubisi kwanza, pombe ya ndizi.

Fundi Saa: Wa Bukoba, basi zenu bado zinalala Kahama?

Nshomile Original: Zamani hiyo. Siku hizi basi kutembea usiku ruksa, tunapitiliza.

Korosho Ghafi: Kumbe hata nyie mna afadhali.